Picha Moja katika Skrini Mbili: Tupime Kabla ya Kuunga

Wanachuo wengi siku hizi hupenda kuweka skrini mbili za kompyuta bega kwa bega ili picha kubwa, hasa ramani, ionekane na darasa zima. Zana hiyo ni njema. Lakini mara nyingi ramani hutokea imevunjika katikati, na mwanachuo huzisukuma skrini huku na huku, kisha akailaumu mashine. Kwa maoni yetu, kasoro haiko katika mashine; iko katika kutopima.

Tuchukue mfano wa mpaka wa Tanzania na Kenya. Kutoka Ziwa Viktoria hadi pwani mpaka huo hushuka kimshazari, nao hupinda unapouzunguka mlima Kilimanjaro. Kompyuta haijui upana wa fremu. Baada ya nukta ya mwisho ya skrini ya kushoto, huendelea papo hapo na nukta ya kwanza ya skrini ya kulia. Iwapo fremu mbili zilizogusana zina upana wa sentimita 3 kwa jumla, mstari wa mshazari utakatika, kisha utaanza tena sentimita 3 mbele bila ya kushuka hata kidogo. Mtoto ataona kona isiyokuwapo, naye ataiamini, kwani ameiona kwa macho yake na mwalimu amenyamaza.

Dawa yake ni hesabu ya uwiano. Skrini ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa upana ina sentimita 53 hivi, yaani nukta 36 hivi kwa kila sentimita. Sentimita 3 za fremu ni sawa na nukta 108. Basi picha na itayarishwe kwa upana wa nukta 1920 + 108 + 1920, yaani 3948, na zile 108 za katikati ziachwe zifichike nyuma ya fremu. Mbuzi apitaye nje, nyuma ya nguzo ya dirisha, hafupiki. Sehemu yake imefichika tu.

Skrini zisipolingana, uangalifu uzidi. Ile ya inchi 27 yenye nukta zizo hizo 1920 ina upana wa sentimita 60 hivi, yaani nukta 32 kwa sentimita. Picha hukua humo, na ncha za mto hazikutani. Hapo vipande vigawanywe kwa sentimita, si kwa nukta.

Wako watakaosema kwamba zipo programu za kuifanya kazi hii. Ni kweli, lakini nazo hungoja kuelezwa upana wa fremu, na asiyepima hana la kuzieleza.

Kwa hiyo twashauri somo lianze na rula, hata pale shule isipokuwa na skrini moja. Wanafunzi wachore mstari wa mshazari juu ya karatasi ya manila, kisha waufunike katikati kwa ukanda wa kadibodi wa sentimita 3. Mstari utaonekana mzima. Halafu waikate karatasi katikati na kuvitenga vipande kwa ukanda ule ule. Mstari utavunjika. Waulizwe sababu, nao waachwe waitafute wenyewe.

Mwanachuo, andika zoezi hili katika andalio lako la somo. Zana isiyopimwa hufundisha uongo kwa sauti ya mwalimu.