Jeti-ski ya Kusimama: Jina Limevuma, Chombo Je?

Wapo wanaoshikilia kuwa uendeshaji wa jeti-ski ya kusimama unazidi kupendwa. Ithibati yao ni vyombo vipya: Kawasaki iliirejesha SX-R mwaka wa 2017, nayo Yamaha ikaiunda upya SuperJet mwaka wa 2021. Hoja hiyo ina mashiko, ila haitoshi. Kuundwa upya kwa chombo si kuongezeka kwa waendeshaji wake.

Ikumbukwe kwamba Jet Ski ni jina la kibiashara la Kawasaki, na vyombo vilivyolibeba katika miaka ya 1970 vilikuwa vya kusimama, vya mtu mmoja. Vyombo vya kukalia vilipoenea katika miaka ya 1980, viliitwa vivyo hivyo katika vinywa vya watu. Mtalii anayekodi jeti-ski ufuoni Mombasa leo aghalabu huketi.

Sababu i bayana. Cha kukalia humstahi mgeni. Cha kusimama humtosa majini. Anayejifunza huanza kwa magoti, akaanguka, akapanda tena, hadi mikono ikalegea. Isitoshe, kanuni za kudhibiti moshi zimezisukuma kando injini nyepesi za mapigo mawili, ambazo huunguza oili pamoja na petroli. SX-R ya 2017 ilikaribia kilo 250! Kijana asiye na kipato kikubwa huangukia chombo kikuukuu cha mtumba. Iwapo watengenezaji wanataka wanaosimama waongezeke, waunde chombo chepesi ambacho kijana huyo atamudu kukinunua.