KUJITOLEA SI KUTUMIKISHWA

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita lilizuka neno ambalo halikupata jibu, nami naomba nafasi katika karatasi yetu hii nilitolee maoni. Vijana wetu waliosomea mambo ya misitu na wanyama, ambao hufanya kazi miezi na miezi bila mshahara katika miradi ya hifadhi hapa Meru na Embu, je, ni wanafunzi, ni wafanyakazi, au ni watumishi wa bure? Mzee mmoja alisimama akasema kwamba kazi ya bure ni kazi ya mkoloni, tuikatae yote. Kijana mmoja akamjibu, "Mzee wangu, tusipojitolea tutajifunzia wapi?" Mara mvua ikaanza kupiga mabati, hakuna aliyesikia tena, mkutano ukafungwa.

Mimi naona wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alishika ncha moja ya kamba.

Tuanze na mzee. Yeye alikuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa 1952 ikaisha 1960. Aliona mama zetu wakitolewa vijijini asubuhi kwenda kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, huku askari wamesimama juu yao. Matuta yenyewe yalikuwa na faida kwa udongo, hakuna anayebisha. Lakini yalichimbwa kwa lazima na bila malipo, na kwa hiyo watu wengi waliyachukia. Vivyo hivyo mifereji ya mpunga ya Mwea, wakati huo ikiwa katika wilaya ya Embu, ilianza kuchimbwa kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini. Basi mtu aliyeona hayo akisikia leo neno "kazi ya kuhifadhi udongo na misitu, malipo hakuna", moyo wake hushtuka. Tusimcheke. Katiba yetu ya 2010 nayo inakataza kazi ya kulazimishwa katika kifungu cha 30, na katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Maneno hayo yaliandikwa kwa sababu watu waliumia.

Sasa tumsikilize kijana. Anasema kuna elimu isiyopatikana darasani, naye hakosei. Chukueni mti wa mukau, ambao watu wa Mbeere wanaujua kwa mbao zake ngumu na kwa kustahimili ukame. Mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu kama jiwe. Ukiipanda hivyo hivyo, utangoja mpaka uchoke. Sharti kokwa lipasuliwe kwa kisu bila kuumiza mbegu, kisha mbegu ikatwe kidogo ganda lake na kulowekwa. Mkono haujui kipimo cha pigo lile mpaka uwe umeharibu mbegu nyingi. Wazee wafugaji nao walijua jambo jingine: mbuzi hula tunda la mukau na kuacha kokwa zizini, basi mahali pa kuokota mbegu ni zizini. Kijana wa chuo atalipata wapi hilo, kama hakwenda kukaa na wazee wale?

Tena kuna kuitambua njia ya mtego wa waya katika majani ya Mbuga ya Meru au katika hifadhi ya Mwea, iliyotangazwa 1976. Kuna kumtambua punda milia mmoja kutoka kwa mwingine kwa mistari yake, kama tunavyotambuana sisi kwa nyuso. Mwezi wa Januari 2016 wananchi wa kawaida walizunguka kaskazini mwa nchi hii wakipiga picha za punda milia wa Grevy, na kwa picha zile wataalamu wakapata hesabu ya wanyama wale. Hiyo ilikuwa kazi ya kujitolea, nayo ilileta faida. Hata Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909, kimejengwa zaidi na watu wasiolipwa, waliopenda ndege na mimea tu. Na vilabu vya wanyama vya shuleni, vilivyoanza 1968, vimewafungulia njia watoto wengi wa Kenya.

Lakini tukumbuke pia kitu kingine. Dunia nzima inamjua simba Elsa, aliyekufa mwaka 1961 na kuzikwa kando ya mto Ura, katika nchi iliyokuja kuwa Mbuga ya Meru mwaka 1966. Dunia inawajua Joy Adamson na George Adamson. Je, ni wangapi wanaowajua Nuru na Makedde? Nuru ndiye aliyewatunza wale watoto wa simba tangu wakiwa wadogo, na Makedde alikuwa askari wa nyama aliyefuata nyayo porini. Majina yao yamo katika kitabu kile, lakini katika sifa hayamo. Naogopa tusije tukarudia hadithi ile ile: mwenye kalamu apate jina, na mwenye miguu apate asante.

Sasa niseme lililonigusa mwenyewe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alimaliza diploma yake ya misitu, akaenda kujitolea katika kitalu cha mradi mmoja karibu na msitu wa Imenti. Mradi huo siutaji. Alikaa huko miezi tisa. Asubuhi alijaza udongo katika mifuko, akamwagilia miche ya muringa na muuru, mchana akafyeka njia. Nauli ya bodaboda ilitoka katika bonasi ya majani chai ya mama yake. Siku moja panga liliteleza likamkata mguu. Alishonwa, na gharama tukalipa sisi. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwa upole kabisa, "Mzee, pole sana, lakini huyu si mfanyakazi wetu, ni mtu wa kujitolea." Siku hiyo hiyo niliwakuta nje ya lango kina mama watatu waliokuwa vibarua wa kitalu kile. Walikuwa wameambiwa wangoje kwanza, maana vijana wa kujitolea wapo.

Ndugu zangu, katika lango lile nilielewa kwamba jambo hili si la vijana peke yao, linatuhusu sisi. Kijana anatumikishwa bila malipo, na mama kibarua anapoteza ujira wake, na wote wawili wamefungiwa lango na mkono mmoja.

Nikaenda kuuliza sheria, na sheria yenyewe inafundisha. Sheria ya Kazi ya 2007, na ile ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka huo huo, zinasema kwamba mfanyakazi ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara, na zinamhesabu humo mwanagenzi pia, yaani mtu aliyefungwa kwa mkataba wa kujifunza kazi. Angalieni tofauti ilivyo. Kijana akiitwa mwanagenzi na kuandikiwa mkataba, yumo ndani ya nyumba. Akiitwa mtu wa kujitolea, yuko nje kwenye mvua, ingawa jembe ni lile lile na jasho ni lile lile. Ni kweli kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu yeyote aliyeuawa na baadhi ya wanyama, lakini sisi wa kandokando ya mbuga twajua jinsi familia zinavyongoja malipo hayo. Wala fidia ya tembo haimsaidii aliyekatwa na panga.

Wala tusidhani kwamba kazi ya hifadhi ni mchezo wa watoto. Mwaka 1988 majangili wenye bunduki waliingia Mbuga ya Meru wakawaua vifaru weupe waliokuwa wakilindwa na askari. Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya na ule wa Imenti ulipopimwa kutoka angani, ilionekana maelfu ya miti ya asili imekatwa, matanuri ya makaa yamejaa, na bangi imelimwa katikati ya msitu. Mtu anayetumwa mahali kama hapo anahitaji kiatu, mwenzake wa kutembea naye, na jina lake katika daftari.

Najua kuna mtu atakayeniuliza, naye ana haki kuniuliza: "Je, vikundi vidogo vya kijiji visivyo na senti moja vitafanyaje? Ukidai mshahara kila mahali, si vitafungwa?" Hili ni swali gumu, nami silikwepi. Kikundi cha wanakijiji kinachopanda miti juu ya chemchemi yake chenyewe, mwenyekiti akishika jembe pamoja na wengine, hiyo ni harambee, na chama chetu hakina ugomvi nacho. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi yetu, na inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuhifadhi mazingira. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na wengi wetu tulikwenda bila kumdai mtu. Lakini mradi wenye magari, wenye ofisi, wenye mkurugenzi anayelipwa kila mwezi, ukisema hauna pesa ya nauli ya kijana, huo hauna haya.

Mimi natumia kipimo kimoja. Jiulize: kijana huyu asipokuja kesho, je, itabidi aajiriwe mtu mwingine kuifanya kazi hii? Kama ndiyo, basi hiyo ni kazi ya mshahara, na anayeifanya ni mfanyakazi, hata akipewa jina zuri namna gani. Kama siyo, na kijana yupo hasa ili aonyeshwe na kufundishwa, basi huko ni kujifunza, na kujitolea kwake ni heshima.

Wala kulipa hakuharibu moyo wa kupenda miti. Wangari Maathai alipoanzisha harakati zake za kupanda miti mwaka 1977, akina mama walipewa pesa kidogo kwa kila mche uliokua. Hawakuacha kuipenda miti kwa sababu ya zile senti. Waliitunza zaidi, maana mche uliokufa haukulipwa.

Kwa hiyo naomba tawi letu lipitishe mambo manne, na viongozi wetu wayapeleke kwa serikali za kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu, na kwa miradi yote:

Kwanza, kila kijana anayejifunza kazi ya hifadhi apewe mkataba wa uanagenzi wenye mwanzo na mwisho. Isizidi miezi mitatu bila posho.

Pili, hata katika miezi hiyo apewe nauli, chakula cha mchana, viatu na bima ya ajali.

Tatu, kibarua asiondolewe ili nafasi yake ichukuliwe na mtu asiyelipwa. Zaidi ya hayo, kibarua mwenye ujuzi awe ndiye mwalimu wa kijana, na alipwe nyongeza kwa kufundisha.

Nne, kila atakachogundua kijana, awe amehesabu ndege au amepata mti usiojulikana mahali pale, kiandikwe kwa jina lake, na mwisho wa kazi apewe barua inayosema alifanya nini.

Na sisi wenyewe tusiishie kudai. Katika chama hiki kuna watu waliofanya kazi ya msitu miaka 30. Wanajua miti kwa harufu ya gome. Tuwaandikishe watu hao, na kila Jumamosi moja ya mwezi wawapeleke vijana msituni, bure. Huko ndiko kujitolea kwenyewe: anayejua humpa asiyejua, na hakuna anayefaidika kwa jasho la mwenzake.

Mpwa wangu amepona mguu. Juzi alinionyesha daftari lake lenye majina ya mimea ya Imenti, kwa Kimeru, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wataalamu, kurasa na kurasa. Nilimwuliza kama angekubali kurudi kule. Akasema, "Mjomba, msitu naupenda. Lakini safari hii nitasaini kwanza."

Ndugu wanachama, mkutano ujao mvua ikinyesha tusifunge. Tusogeze viti karibu, tusikilizane, tupige kura.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Meru.