Thaddeus Stevens, Mpigania Shule Asiyekuwa na Mtoto

Je, ni haki mtu asiye na mtoto atozwe kodi ya kuwasomesha watoto wa jirani yake? Swali hili lilizusha ugomvi mkubwa katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, mwaka 1835. Aliyelijibu mbele ya Baraza la Kutunga Sheria alikuwa mwanasheria ambaye mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto wa kupeleka shule, jina lake Thaddeus Stevens. Wasomaji wetu, wakulima kwa makarani, wanaujua uzito wa karo. Kwa hiyo habari za mtu huyu zinafaa kusimuliwa hapa.

Stevens alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont. Mguu wake mmoja ulikuwa umepindika tangu kuzaliwa, naye alichechemea mpaka kufa kwake. Baba yake, aliyekuwa fundi wa viatu, aliwaacha watu wa nyumbani kwake akaenda zake, na mama, Sarah, akabaki na watoto wanne wa kiume. Mama huyo alijua kuwa mtoto mwenye mguu kama ule hataweza kazi nzito za shamba. Basi akahamia Peacham, mahali palipokuwa na shule nzuri, akafanya kazi usiku na mchana ili mwanawe asome. Stevens alimaliza masomo ya chuo cha Dartmouth mwaka 1814. Alipopata fedha alimnunulia mama yake shamba na ng'ombe wa maziwa, na hata uzeeni alisema kuwa hakuna jambo lililompa furaha kuliko hilo.

Mwaka 1816 alianza kazi ya sheria katika mji wa Gettysburg, Pennsylvania. Jina lake lilienea upesi, lakini si kila ushindi wake ulikuwa wa kujivunia. Mwaka 1821 alimtetea bwana mmoja wa Maryland aliyekuwa akidai kuwa mwanamke Charity Butler na watoto wake ni watumwa wake. Sheria ya Pennsylvania ilisema kuwa mtumwa aliyeletwa humo akakaa miezi sita amekuwa huru. Stevens alidai kuwa siku za kuja na kurudi haziwezi kujumlishwa ili kutimiza miezi hiyo. Mahakama ikakubali, na mama huyo na wanawe wakarudishwa utumwani. Miaka iliyofuata Stevens aligeuka kuwa adui mkali wa utumwa, akawatetea watumwa waliotoroka. Mwaka 1838, Katiba mpya ya Pennsylvania ilipowanyima watu weusi haki ya kupiga kura, alikataa kuitia sahihi.

Sasa turudi kwenye shule. Zamani, Pennsylvania ililipa karo ya watoto wa maskini, lakini ilimpasa mzazi kwanza aandikishwe hadharani kuwa ni fukara. Wengi waliona aibu, wakawaacha watoto wao nyumbani. Mwaka 1834 ilitungwa sheria mpya iliyoziwezesha wilaya kutoza kodi na kuanzisha shule za watoto wote bila karo. Watu wakanung'unika. Maelfu walitia sahihi maombi ya kutaka sheria ifutwe, na wazee wa Seneti ya jimbo wakakubali kuifuta. Ilibaki Baraza la Wawakilishi tu.

Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama kusema. Alieleza kuwa sheria ile ya kale iliwapiga maskini chapa kama wanyama, na kuwatenga watoto wao na wenzao. Kisha akawajibu wale waliosema kuwa hawana watoto. Alisema kuwa mtu mwema hulipa bila kinyongo kodi ya kuwalisha na kuwalinda wafungwa, ingawa yeye hana kosa. Mbona basi analalamika kulipa kodi itakayomzuia mtoto wa jirani asiwe mhalifu? Baraza likakataa kuifuta sheria, na Seneti nayo ikarudi nyuma. Shule zikasimama.

Katika biashara hakubahatika hivyo. Mwaka 1837 yeye na mwenzake walijenga tanuru ya kuyeyushia chuma karibu na Gettysburg, wakaiita Caledonia, jina la wilaya aliyozaliwa. Hasara zake zilimtia katika madeni makubwa, hata mwaka 1842 akahamia mji wa Lancaster ili apate kesi nyingi zaidi na kuyalipa. Mwezi wa Juni 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la majimbo ya Kusini liliichoma moto karakana hiyo, kwa sababu mwenyewe alikuwa adui wa utumwa. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yeye katika vita hivyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, akitafuta fedha za kuendeshea vita.

Utumwa ulipokomeshwa kwa Katiba mwaka 1865, Stevens aliona kuwa uhuru bila ardhi ni uhuru wa nusu. Mwaka 1867 alitaka mashamba ya matajiri wakubwa walioasi yatwaliwe, na kila mwanamume mzima aliyekuwa mtumwa apewe eka 40. Wenzake walikataa, na watu wengi walioachwa huru wakabaki kulima mashamba ya wale wale waliokuwa mabwana zao. Lakini Badiliko la 14 la Katiba, lililowapa watu wote ulinzi sawa wa sheria, alilipigania mpaka likathibitishwa mwezi wa Julai 1868. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Agosti, alifariki.

Aliagiza azikwe katika makaburi madogo ya Lancaster yasiyobagua rangi, kwa kuwa makubwa yaliwakataa watu weusi. Katika wasia wake aliacha fedha za kuwatunza na kuwafundisha yatima bila kuangalia rangi wala taifa. Kutokana na wasia huo shule ya ufundi ilifunguliwa Lancaster mwaka 1905, na leo ni chuo chenye jina lake. Na mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitumia lile Badiliko la 14 kuamua kuwa si halali kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali.

Basi, msomaji, unapoombwa mchango wa darasa ambalo mwanao hatakaa ndani yake, mkumbuke wakili huyu. Hakuwa na mtoto wa kusomesha, lakini alilipa.