Kufuli Kwenye Tarumbeta za Watoto

Katika shule nyingi za Uganda zenye bendi, ala za muziki hulala ndani ya ghala lenye kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mwanafunzi wa kutwa huishika tarumbeta alasiri moja kwa juma, tena kwa zamu, kisha huirudisha. Siku zinazobaki hana cha kupuliza. Ikikaribia tarehe 9 Oktoba, au mgeni mheshimiwa akitangazwa, watoto hao hao hutolewa madarasani na kufanyishwa mazoezi juani hadi midomo ivimbe. Siku ya siku noti zikipotoka, lawama huwaangukia wao. Lawama hiyo si yao. Ni ya shule inayodai mavuno ya mazoezi ilhali mazoezi yenyewe imeyafungia ghalani.

Anayedhani kwamba tarumbeta hupigwa kwa pumzi peke yake hajapata kuijaribu. Sauti huzaliwa pale midomo inapotetemeka ndani ya kipande cha kupulizia. Zile vali tatu kazi yake ni kubadilisha urefu wa njia ya hewa tu. Mpulizaji aliyeiva anaweza kutoa noti kadhaa bila kubonyeza vali hata moja, kwa kukaza na kulegeza midomo. Midomo ni misuli, na misuli haijengwi kwa mkupuo. Robo saa ya kila siku humfaa mtoto kuliko saa mbili za Jumatano, kwa kuwa katika hizo saa mbili midomo huchoka mapema na muda uliosalia huwa wa kujifunza makosa. Wimbo wetu wa Taifa, alioutunga George William Kakoma, ni miongoni mwa nyimbo fupi kabisa za taifa duniani. Ufupi huo ni mtihani: noti mbovu haina pa kujificha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nami naliona jambo hili kwa jicho la somo langu. Tangu mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari uanze mwaka 2020, tunahimizwa kupima kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda, wala si kile alichokikariri. Sanaa za maonyesho zimo katika mtaala huo. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayetarajia mtoto azungumze Kiswahili fasaha ikiwa amekatazwa kukitamka nje ya kipindi. Mbona basi tunatarajia hivyo kwa muziki? (Msomaji mwenye kumbukumbu ataniuliza kama vitabu vya kiada navyo havikufungiwa makabatini visichakae. Vilifungiwa. Tabia ni ile ile, na mzizi wake ni ule ule: kuthamini mali kuliko mtoto ambaye mali hiyo ilinunuliwa kwa ajili yake.)

Wakuu wa shule wana jibu lao, nalo si la kupuuzwa. Wanasema tarumbeta ikitoka nje ya lango itapigwa dafrao kwenye bodaboda, au itauzwa na mjomba mlevi, au itarudi imebonyea. Ni kweli kwamba hayo huweza kutokea. Lakini ala ikiharibika mikononi mwa shule yenyewe ni nani huulizwa? Nimeona tromboni zilizokwama kwa kukosa mafuta na ngoma zilizotobolewa na panya, zote zikiwa chini ya ulinzi mkali wa kufuli. Wazazi ndio waliozilipia, kwa ada na kwa michango, na mwenye mali ana haki ya kupewa hesabu. Kuazimisha si kugawa. Kunahitaji daftari la kumbukumbu, namba iliyochorwa kwenye chuma cha ala, saini ya mzazi, na ukaguzi kila mwanzo wa muhula. Shule isiyoweza kutunza daftari la tarumbeta kumi na mbili itatunzaje hesabu za ada za wanafunzi mia nane?

Halafu linakuja suala la kelele, ambalo ndilo huniudhi zaidi. Familia nyingi za wanafunzi wetu wa mjini hukaa katika vyumba vya kupanga vilivyopangana mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Jirani mgonjwa, mama aliyejifungua juzi, askari aliyerudi kutoka lindo la usiku: hao wote wana haki ya kupumzika, na mtoto afundishwe kuiheshimu haki hiyo. Ila tujiulize ni nani hasa huinyima mitaa yetu usingizi. Baa hupiga muziki hadi alfajiri. Vipaza sauti vya mikesha ya maombi hunguruma usiku kucha, na gari la matangazo hupita asubuhi likiuza dawa ya kunguni. Kanuni za kudhibiti kelele tunazo tangu mwaka 2003, na zinatofautisha mchana na usiku, makazi na viwanda. Dhidi ya baa hatuzikumbuki. Mtoto akishika klarineti saa kumi na moja jioni, kila mpangaji hugeuka mwanasheria.

Mahali pa kulimaliza jambo hili ni kwenye kikao cha kijiji, mbele ya mwenyekiti wa LC I. Mzazi asimame aseme: mwanangu ana ala ya shule, tunaomba nusu saa kabla ya magharibi, na siku za msiba hatapiga. Majirani wakitaka kupunguza au kusogeza muda, wapunguze. Hapo mtoto atakuwa ameona kwa macho yake namna watu wanavyopatana juu ya kitu wanachokichangia, somo ambalo vitabu vya uraia hulieleza kwa kurasa nyingi bila kulionyesha.

Tena si kila zoezi lina kelele. Kipande cha kupulizia kikichomolewa na kupulizwa peke yake hutoa mlio mdogo, na mafunzo mengi ya midomo hufanyika hivyo. Mpiga ngoma anaweza kupiga vijiti vyake juu ya mto au kipande cha mpira wa tairi. Vidole vya klarineti huzoeshwa hata bila kupuliza. Nawaomba wazazi wa mabinti wazingatie neno moja: mtoto wa kike akirudi nyumbani huchota maji, hupika, huosha vyombo, na akimaliza giza limeingia. Kaka yake hana ndoo. Tarumbeta ya binti haitakuwa na maana mpaka ndoo ile igawanywe.

Wanaosema watoto maskini hawawezi kuaminiwa na ala waende Kampala wawaone M-Lisada, bendi iliyoanzishwa mwaka 1996 na watoto waliokuwa wakiishi mitaani. Wale hawakuwa na mzazi wa kutia saini wala ukuta wa kumkera jirani.

Nayafahamu pia mambo yasiyosemwa hadharani. Zipo shule zinazokodisha bendi kwenye harusi, sherehe za utambulisho na mikutano ya wanasiasa, na mpulizaji hurudi na soda na andazi. Fedha hizo zisomwe mbele ya mkutano wa wazazi, na sehemu yake ya kwanza inunue vipande vya kupulizia, kimoja kwa kila mtoto. Hivi sasa watoto watano hupokezana kimoja, mate kwa mate. Kipande hicho huenea kiganjani, huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na huingia katika mkoba wa vitabu. Hata mkuu wa shule mwenye hofu kuliko wote anaweza kumruhusu mtoto aondoke nacho Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, tarumbeta yenyewe ikibaki ghalani hadi daftari liwe tayari.