Mpelekeni binti akachanjwe

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya akina mama, na hadi leo wapo wazazi wanaoninong'oneza kwamba chanjo ya HPV inaziba kizazi. Si kweli, na inaniuma. Kinachopokonya kizazi ni saratani ya mlango wake, na karibu yote huletwa na kirusi cha HPV. Aina zake za 16 na 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Tanzania inachanja wasichana tangu 2018. Sasa ni dozi moja tu, miaka 9 hadi 14, bure.

Nanyi mama zao, njooni mpimwe. Tunapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja. Penye mabadiliko panageuka peupe. Tukiwahi, mara nyingi tunapatibu siku hiyohiyo. Akina baba, toeni nauli.