FEZA INAJULIKANA KWA MWAKA WAKE



Wengine kati yetu wanapenda kuweka vipande vya feza vya zamani, wanasema: « Nitauza, nitapata makuta mengi. » Kuviweka ni jambo jema. Lakini kuviweka bila kuvisoma ni kazi bure, na tena kunafungua mlango wa udanganyifu.

Tuangalie shilingi ya Afrika ya Mashariki, ile yenye simba na milima, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Shilingi ya 1946 iko na feza robo moja tu. Uzito wake ni karibu gramu 8, basi feza yenyewe haifiki gramu 2. Ile ya 1948 haina feza hata kidogo, ni shaba na nikeli. Na zote mbili ni za mfalme George wa Sita, simba ni yule yule, na mizani haitakuonyesha tofauti. Soma mwaka. Soma na maandiko: ya 1946 iko na IND: IMP:, ni kusema kaisari wa Uhindi. Uhindi ikapata uhuru 1947, maneno yale yakaondolewa.

Sisi katika Kongo pia tulikuwa na yetu: franga 50 ya 1944, yenye tembo, nusu yake feza. Ilitengenezwa Pretoria, kule Afrika ya Kusini, kwa sababu tangu 1940 Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kipande kimoja kinatufundisha vita nzima!

Basi, anayejua haya na kumuuzia mwenzake ya 1948 kwa bei ya 1946, huyo si mfanya biashara, ni mwizi. Na asiyejua, ajifunze mbele ya kununua.

Jambo lingine: tuache kuvisugua na mchanga ili ving'ae. Mchanga unakula mwaka, na mwaka ukipotea, ushuhuda umepotea. Tuache pia kuvitoboa kwa kuvaa shingoni.

Ombi langu kwa walimu wetu wa historia: mtupe saa moja tu, kila mmoja alete kipande alicho nacho, aseme kimefikaje nyumbani kwao. Wazee wangali wanakumbuka. Tuwaulize sasa, tusingoje.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano