Laini Moja, Kii 12: Wacha Kukusanya, Anza Kuzungusha

Wacha niseme kitu ambacho kitawakera wapiga gitaa wengi wa rika langu. Kama unajua laini tamu ya jazi kwa A maina pekee, hiyo laini huijui bado. Unajua tu mahali vidole vyako hukaa. Ni kama dere wa matatu anayejua njia moja ya Rongai. Siku barabara ikifungwa, abiria ndio wanaumia.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema laini, si ya simu. Ni sentensi fupi ya noti, kitu unapiga kwa sekunde mbili tatu na mtu anasema "wueh!" Nikisema kodi, si ya landilodi. Ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Na kii ni ile nyumba ambayo wimbo unaishi. Nyumba za maina ziko 12, na wengi wetu tumehamia mbili tu, A na E, kwa sababu hapo gitaa inakubembeleza na nyuzi zinalia zenyewe.

Mimi pia natengeneza video, kwa hivyo najua mchezo unavyoenda. Laini mpya kila siku inaleta watu. Laini moja ukiizungusha kwa kii 12 haitrendi, inaonekana kama homuwaki. Ndiyo maana kuna wasee simu zao zimejaa video za jazi walizosevu, lakini ukimwambia apige hata moja kwa B fleti maina, kimya. Anaanza kukagua nyuzi kama zimelegea.

Msimamo wangu ni huu: laini moja kwa kii zote 12 inakusaidia kuliko laini 50 kwa A maina. Na sababu kubwa si ya vidole. Ni ya heshima. Kii si yako kuchagua.

Fikiria bendi ndogo inajiandaa kwa gigi ya harusi. Mwimbaji ni dada mwenye sauti nzito, ile ya chini. Wimbo unamkaa vizuri kwa F maina. Msee wa gitaa anasema, "Aah, tupige A maina, ndiyo inajulikana." Inajulikana na nani? Dada anapandishwa juu, sauti inakwaruza, kiitikio kinamshinda, na wageni wanaenda nyumbani wakisema huyo dada hajui kuimba. Kumbe anajua sana. Asiyejua ni wa gitaa, lakini yeye hakuna mtu anamsema. Manze, hiyo si haki. Mtu amebeba aibu ya mazoezi ambayo hakufanya mwingine.

Kanisani ni vilevile. Anayeongoza sifa anaanza wimbo pale roho inamwambia, haulizi mtu. Wa kinanda anabonyeza kitufe cha kuhamisha kii mara mbili na ameingia. Wewe wa gitaa huna kitufe. Una kepo, na sina ubaya na kepo, ni kifaa kizuri. Lakini kepo inashika kii moja kwa wakati. Wimbo ukihama katikati, utasimamisha ibada ndio uisogeze?

Sasa kwa jazi mambo ni moto zaidi, kwa sababu nyimbo zenyewe hazitulii. Chukua "So What" ya Miles Davis, iliyo kwa albamu ya Kind of Blue ya 1959. Watu huipenda kwa sababu inaonekana rahisi: mzunguko mmoja una vipimo 32 na kodi mbili tu. Lakini 16 za kwanza ni D maina, 8 zinazofuata ni E fleti maina, halafu unarudi D kwa 8 za mwisho. Freti moja tu juu, na hapo ndipo watu hupotea. Ama "Blue Bossa" ya Kenny Dorham, ambayo Joe Henderson aliirekodi 1963. Inaanza C maina, poa kabisa, halafu katikati inahamia D fleti kwa vipimo vinne, na kodi inayokufungulia mlango wa huko ni E fleti maina. Umekuja na laini yako ya A. Utaiweka wapi?

Tena kumbuka hii nyumba ya jazi haikujengwa na wapiga gitaa pekee. Saksafoni ya alto imetengenezwa kwa E fleti, tenor na tarumbeta kwa B fleti. Ndiyo maana nyimbo nyingi za jazi zinaishi F, B fleti, E fleti na A fleti, mahali ambapo wapulizaji wanapumua vizuri. Sisi wa gitaa tunapenda E, A, D na G. Ukienda kujamu nao wewe ni mgeni, na mgeni halazimishi wenyeji kuhama kitanda.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Lakini gitaa si piano. Si unasogeza tu mkono?" Ni kweli, umbo moja ukilisogeza freti moja, kii imebadilika. Lakini kusogeza si kujua. Ukiniambia unajua E fleti maina, nitakuuliza noti yake ya tatu ni gani. Kama lazima uhesabu freti ndio ujibu G fleti, basi bendi imeshapita.

Tufanye kazi sasa. Shika gitaa. Hii ni laini ya A maina yenye noti 9: B, D, F, A, kisha G shapu, F, E, D, na unatua C. Nne za kwanza zinauliza swali, ni za kodi ya B iliyobanwa ile ya tano. Nne zinazofuata ni za E7, ile kodi inayotamani kwenda nyumbani. C ndiyo mlango wenyewe, noti ya tatu ya A maina, inayomwambia msikilizaji kwamba tumefika na hapa ni maina, si meja.

Anzia uzi wa 6, ule mnene, freti ya 7. Uzi wa 5, freti ya 5 kisha ya 8. Uzi wa 4, freti ya 7 kisha ya 6. Rudi uzi wa 5: 8, 7, 5. Malizia uzi wa 6, freti ya 8.

Sasa usisogeze mkono. Anza umbo lilelile kwa uzi wa 5, freti ya 7. Uko D maina. Anzia uzi wa 4, freti ya 7. Uko G maina, lakini hapa kuna mtego. Nyuzi za gitaa zimeachana kwa pengo sawa, isipokuwa kati ya uzi wa 3 na wa 2, ambapo pengo limepungua freti moja. Kwa hivyo zile noti mbili za juu, zilizokuwa freti ya 7 na ya 6, sasa ni ya 8 na ya 7. Anzia uzi wa 3, freti ya 7. Uko C maina, na kila noti iliyo kwa uzi wa 2 na wa 1 inapanda freti moja. Ona sasa, hata lile neno "kusogeza tu" limeanza kuyumba.

Hesabu. Umepata kii nne na mkono uko palepale. Shusha mkono freti 4, rudia, na una F, B fleti, E fleti na A fleti. Rudi ulipoanzia, panda freti 4, na una C shapu, F shapu, B na E. Nne mara tatu ni 12. Zimeisha. Hakuna kii ya siri iliyofichwa. Na ukizifuata kwa mpangilio huo, A, D, G, C, F mpaka E, unatembea ule mzunguko ambao kodi za jazi hupenda kutembea zenyewe.

Masharti yangu ni mawili tu. La kwanza, taja kii kwa sauti kabla hujaipiga. Ukinyamaza, vidole vinafanya kazi na akili inalala. La pili, pole pole. Metronomu iwe 60, noti mbili kwa kila pigo. Siku ya kwanza kii nne, ya pili nne, ya tatu nne. Siku ya nne andika majina 12 kwa karatasi ndogo, tia kwa kikombe, chomoa moja moja. Hapo ndipo utajua kama unajua. Dakika 15 zinatosha, na hata stima zikipotea gitaa haijali.

Na kwa nini maina, si meja? Kwa sababu maina inakulipa mara nyingi. Pat Martino, mpiga gitaa wa Philadelphia, alifundisha njia yake ya kugeuza kodi nyingine ziwe maina akilini. Mfano: laini nyepesi ya D maina, ile haina C shapu, inakaa vizuri juu ya G7 na juu ya F meja pia, kwa sababu zinagawana noti. Kwa hivyo ukimiliki nyumba 12 za maina, una funguo za majirani wengi. Lakini ukiwa na A pekee, hata huo ujanja unaishia hapo mlangoni.

Sisemi mtu aache kujifunza laini mpya. Sisemi kila mtu awe msee wa jazi. Piga benga, piga gengetone, piga unachopenda. Ninasema kuna tofauti kati ya kuwa na maneno mengi na kuweza kuongea. Mtu mwenye sentensi moja anayeweza kuisema mahali popote, na yeyote, ataitwa tena kwa gigi. Mwenye sentensi 50 za chumba kimoja ataendelea kupigia ukuta.

Na wale mnaoimba, nanyi msikubali kubebwa juu ovyo. Jueni kii yenu na mseme bila kuomba msamaha. Hiyo ndiyo itatufanya sisi wa gitaa turudi mazoezini.

Basi leo usiku anza na A. Taja jina, piga, hamia D. Siku dada akisema, "Mimi wimbo huu ni F maina," usikune kichwa. Mwambie tu, "Sawa, tuhesabie."